Kura ya Mkulima na Neno la Chama

Kuna swali tuliloulizwa mara nyingi, na wanaoliuliza si watu wa fitina. Mkristu amekipa chama kura yake kwa nia njema, kwa sababu chama kile kiliahidi kulinda mambo anayoyaheshimu: jamaa, shule, dini, desturi njema za wazee. Kisha anaona wakubwa wa chama wameachilia yale yale waliyoahidi kuyashika. Afanye nini? Akae kimya? Akiache chama? Na kwanza, je, chama kimemkosea kweli, ama yeye mwenyewe ametazamia kwa chama jambo ambalo chama hakiwezi kulitoa?

Tutatafuta jibu katika habari za Ubelgiji. Twajua wengine watanung'unika: Ya nini kwenda mbali, na hapa kwetu vyama havihesabiki? Lakini ugomvi wa jirani huonekana wazi kuliko ugomvi wa nyumbani, maana hapo hasira haituzibi macho. Tena chama tutakachokisema si kigeni kabisa kwetu. Ni kile Chama cha Wakristu cha Jamii kilichoundwa mwaka 1945. Wasemao Kifaransa walikiita PSC, na Waflama walikiita CVP. Kilipokuwa nje ya serikali, tangu 1954 hata 1958, ndipo waziri wa makoloni Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, alipofungua katika Kongo shule za serikali zisizo za dini, na wazee wetu walikumbuka sana maneno yaliyozuka kati ya shule hizo na shule za misioni. Na kilipokuwa kimerudi, waziri mkuu akiwa Gaston Eyskens, ndipo tulipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Padri mmoja Mflama, aliyekaa katika misioni yetu hata uzee wake, naye sasa ni marehemu, alipenda kutusimulia habari za baba yake. Baba huyo alikuwa mkulima wa Flandre, mwenye ng'ombe 11 na watoto 7. Ukutani kwake kulikuwa na msalaba, na chini ya msalaba picha ya mfalme Léopold III. Alikuwa mtu wa mambo ya kale kwa moyo wake wote. Alisema kwamba kitu kilichosimama miaka mia kina sababu ya kusimama, hata kama sisi hatuijui.

Basi mfalme huyo alikuwa na kesi na taifa lake. Tarehe 28 Mei 1940, jeshi lake likiwa limeshindwa na Wajerumani, aliweka silaha chini akabaki mikononi mwao, hali mawaziri wake walitaka vita viendelee, nao wakaenda Ufaransa na halafu London. Mwaka 1941, akiwa mfungwa katika jumba lake, alioa mke wa pili, kwani wa kwanza alikuwa amekufa. Watu wengi walichukia: vijana wetu wamo kifungoni Ujerumani, naye anafanya arusi! Vita vilipokwisha hakuweza kurudi katika kiti chake. Ndugu yake Charles alitawala mahali pake, yeye akikaa Uswisi. Wakatoliki wa Flandre walimtaka arudi. Wasosialisti, Wakomunisti na Waliberali wengi walimkataa.

Tarehe 12 Machi 1950 wananchi waliulizwa. Katika kura 100, zaidi ya 57 zilimtaka mfalme. Lakini tazameni vema jinsi zilivyogawanyika: Flandre 72 katika 100, Bruxelles 48, Wallonie 42. Nchi moja ilitoa majibu mawili. Halafu, tarehe 4 Juni, ukaja uchaguzi wa wajumbe. Chama kiliwaambia watu wake: tupeni nguvu, na mfalme atarudi. Mkulima wetu alishika kalamu nyekundu, ndiyo kalamu ya kupigia kura huko, akatia alama yake. Chama kikapata viti 108 katika 212, yaani zaidi ya nusu, bila kuhitaji mwenzi wa kutawala naye. Tangu siku zile hakuna chama kingine Ubelgiji kilichopata zaidi ya nusu ya viti vya Baraza la Wajumbe.

Mfalme akarudi tarehe 22 Julai. Siku ile mkulima alifungua chupa ya divai iliyokuwa imewekwa tangu arusi yake.

Lakini wafanyakazi wa migodi na viwanda vya Liège na Hainaut waligoma. Tarehe 30 Julai, huko Grâce-Berleur karibu na Liège, jandarma walipiga risasi katikati ya watu. 3 walikufa papo hapo, na wa 4 baadaye. Maandamano makubwa ya kwenda Bruxelles yalikuwa yakitayarishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti mawaziri wa chama kile kile chenye viti 108 walimwelemea mfalme, naye akakubali kumwachia madaraka mwanawe Baudouin, kijana wa miaka 19. Siku 10 tu zilikuwa zimepita tangu arudi.

Mkulima alisikia habari kwa redio. Hakusema neno. Alikwenda kukamua ng'ombe, akarudi, akaitoa kartasi ya chama sandukuni akaitia jikoni motoni.

Sisi tuliposikia hadithi hii mara ya kwanza, tulisema upesi: mzee ana haki, wamemdanganya. Watu walioulizwa walijibu, na jibu lao likatupwa kwa sababu walioshindwa walikuwa na mawe mikononi. Kama hivyo ndivyo, kura ni ya nini? Mtu mtiifu anayengoja zamu yake na kutia alama kwa kalamu hapati kitu, na mtu anayefunga njia ya reli anapata yote. Uchungu huu twauelewa. Wenye kupenda utaratibu huuonja mara nyingi kuliko wengine, kwani wao hawajui kufanya fujo, na wakubwa wa chama chao wanajua kwamba hawatafanya fujo. Kwa hiyo ni rahisi kuwaomba wao ndio wavumilie. Mtoto mpole ndiye anayeambiwa kila siku amwachie mwenzake.

Lakini padri yule hakuturuhusu kuishia hapo. Alituuliza: Kama ninyi mngalikuwa mawaziri usiku ule, mngalifanyaje? Watu 4 wamekwisha kufa. Kesho maelfu wanakuja mjini. Upande mmoja ni haki ya mtu mmoja kukaa katika kiti. Upande mwingine ni watoto wa watu. Katika Wallonie walio wengi hawakumtaka mfalme huyu. Je, mfalme anayehitaji bunduki ili kupita katika nusu ya nchi yake ni mfalme wa nani? Ufalme wenyewe haukuvunjwa, ulipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Twakiri kwamba tulinyamaza. Tangu siku ile hatuwezi tena kusema kwamba wale mawaziri walikuwa wasaliti kwa sababu walirudi nyuma. Mara nyingine kurudi nyuma ni kazi ya mchungaji.

Kosa lao basi lilikuwa wapi? Kwa maoni yetu, lilikuwa katika mwezi wa Juni, wakati wa kuomba kura. Hesabu za mwezi wa Machi zilikuwa mezani mwao, na kila mtu aliweza kuzisoma: 72, 48, 42. Waliweza kumwambia mkulima: Ndugu, sisi twamtaka mfalme kama wewe, tutajaribu, lakini nusu ya nchi haimtaki, na ikiwa damu itamwagika tutaacha. Hawakusema hivyo. Walisema atarudi. Neno lile lilileta kura nyingi, na kwa kura zile wakajifunga kamba wenyewe.

Hapa ndipo tunapoona haki ya mpiga kura ilipo, na mahali isipokuwapo. Hana haki ya kudai ushindi. Mjumbe wake ni mmoja kati ya mamia, na wengine nao wametumwa na watu wao, ambao ni Wabelgiji kama yeye. Bali ana haki ya kuambiwa kweli: nini kitajaribiwa, nini hakiwezekani, na ni kitu gani ambacho chama hakitakitoa hata kwa bei yoyote. Mfanya biashara akikuuzia kitambaa akisema ni sufu, nacho ni pamba, hukasiriki kwa sababu pamba ni mbaya. Unakasirika kwa sababu alijua.

Sasa tuingie katika habari ya pili, na hii ni nzito zaidi. Miaka 40 ilikuwa imepita. Chama kilikuwa kimekwisha kupasuka kwa ajili ya lugha, baada ya ugomvi wa mwaka 1968 juu ya Chuo Kikuu cha Leuven, kile kilichozaa Lovanium yetu: CVP ilikuwa ya Waflama, PSC ya wasemao Kifaransa. Vyote viwili vilikuwa serikalini pamoja na Wasosialisti, waziri mkuu akiwa Wilfried Martens wa CVP. Seneta Roger Lallemand, Msosialisti, na seneta Lucienne Herman-Michielsens, Mliberali, walileta mbele sheria ya kuruhusu, kwa masharti, kutoa mimba. Wajumbe wa vyama vya Kikristu karibu wote walisema hapana. Wengine walikuwa wengi kuliko wao, na tarehe 29 Machi 1990 Baraza la Wajumbe liliipitisha.

Ilibaki saini ya mfalme. Mfalme alikuwa Baudouin, yule kijana wa mwaka 1950. Yeye na malkia Fabiola walikuwa hawakujaliwa mtoto. Alimwandikia Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu kutia saini, akauliza kama uhuru wa dhamiri ni wa raia wote isipokuwa mfalme peke yake. Mawaziri walitafuta mlango, wakauona katika kifungu cha 82 cha Katiba ya wakati ule, kinachosema habari za mfalme asiyeweza kutawala. Ndicho kifungu kile kile ambacho mawaziri wa mwaka 1940 walikitumia juu ya baba yake alipokuwa mikononi mwa adui. Tarehe 4 Aprili 1990 walitangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakatia saini sheria wao wenyewe mahali pake, mawaziri Wakristu pamoja na wengine. Tarehe 5 Aprili mabaraza mawili yalikutana, yakamrudisha katika madaraka.

(Sisi Wakongo tuna kesi nyingine na Baudouin. Hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, alipomsifu Léopold II mbele ya watu ambao babu zao waliteswa kwa ajili ya mpira, haijasahauliwa. Papa Fransisko alipozuru kaburi lake huko Laeken mwezi wa Septemba 2024 na kumsifu kwa jambo hili la mwaka 1990, wengi kwetu walikunja uso. Lakini mtu aweza kukosa katika jambo moja na kusimama sawa katika jingine, nasi hapa twasema hili la pili tu.)

Dada wa padri wetu, binti wa yule mkulima, alimwandikia kaka yake barua wiki ya Pasaka. Padri alitusomea, akitafsiri polepole. Mama yule hakulalamika kwamba chama kilishindwa. Alijua kuhesabu. Aliuliza hivi: Wajumbe wetu walisema hapana siku ya Alhamisi, na wiki iliyofuata mawaziri wetu wakatia saini. Hapana yao ilikuwa ya nani?

Twaweza kuwatetea mawaziri hao, na haki yataka tujaribu. Sheria ilikuwa imepitishwa na walio wengi. Kama serikali ingalizuia sheria iliyopitishwa, ingalifungua mlango wa kila serikali kuzuia sheria isiyoipenda. Ufalme ungeweza kuanguka. Nao waliweza kusema: Hatukuitaka, tumeiandikisha tu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake *Evangelium Vitae* ya mwaka 1995, alifundisha kwamba mjumbe asiyeweza kuiondoa sheria mbaya aweza kuunga mkono mashauri ya kupunguza ubaya wake, mradi ijulikane wazi kwamba yeye mwenyewe anaupinga. Mafundisho hayo yana hekima nyingi; yanawakataza watu wa imani kudai yote ama kutokufanya neno.

Hata hivyo saini ile haikupunguza kitu. Wala si sawasawa na usiku wa Agosti 1950. Mwaka 1950 chama kiliachilia kiti cha mtu mmoja ili watu wasife. Mwaka 1990 kiliachilia jambo ambalo lenyewe ni uhai wa watu, ili serikali isianguke. Mtu akitupa mizigo baharini wakati wa tufani, twamwita nahodha mwenye akili. Akimtupa abiria, twamwita jina jingine.

Tena kuna jambo la gharama. Mfalme, hata kama wengine walisema kwamba ulikuwa mchezo wa sheria tu, na sheria ikapita vilevile, alishuka katika kiti chake bila kujua hakika kama wangempandisha tena. Serikali ile ile iliendelea na kazi yake hata mwaka 1991. Hatujui mioyo ya mawaziri, Mungu ndiye anayeijua. Lakini mama yule aliona kwa macho yake kwamba dhamiri ya mmoja ilimgharimu, na dhamiri za wengine hazikugharimu neno. Hilo ndilo lililomchoma, kuliko sheria yenyewe.

Basi aondoke? Ubelgiji kura ya kuchagua wajumbe wa taifa ni lazima tangu mwaka 1893. Huwezi kubaki nyumbani na hasira yako, hata kama waweza kutia kartasi nyeupe. Na wako waliotega nyavu kwa ajili ya watu wenye hasira. Tarehe 24 Novemba 1991, katika uchaguzi uliofuata, chama cha Vlaams Blok kilitoka viti 2 kikapata 12. Kilisema habari za jamaa na desturi za wazee kwa sauti kubwa kuliko CVP. Kilisema pia kwamba wageni warudishwe kwao, na kati ya wageni hao walikuwamo ndugu zetu wa mtaa wa Matonge, Bruxelles. Mwaka 2004 korti ya rufaa ya Gent iliyahukumu mashirika matatu ya chama hicho kwa sababu ya ubaguzi. Hasira ya haki yaweza kumpeleka mtu mahali pasipo haki, na njiani asihisi kwamba amegeuka. Hapo tunamwogopea mpiga kura kuliko tunavyomwogopea anapokipigia chama cha zamani huku akisaga meno.

Wengine watasema: Basi Eklezia iwe na chama chake, kisichotetereka. Padri Luigi Sturzo, alipounda chama cha Popolari huko Italia mwaka 1919, alikataa kabisa kukiita chama cha Kikatoliki. Chama, alivyoona yeye, ni sehemu, na Eklezia ni ya wote. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema katika *Gaudium et Spes* kwamba Wakristu wa nia njema waweza kuachana katika maoni ya mambo ya dunia, na kwamba mtu asidai mamlaka ya Eklezia iko upande wake peke yake. Anayekipenda chama kama anavyompenda mama Eklezia atavunjika moyo mara mbili: chama kitakapomdanganya, naye ataudhani ni udanganyifu wa Mungu.

Kuna neno moja zaidi ambalo si tamu. CVP ilibadili jina mwaka 2001 ikawa CD&V. PSC mwaka 2002 iliondoa neno Kikristu katika jina lake, ikajiita chama cha ubinadamu, na mwaka 2022 ikabadili tena ikawa Les Engagés. Wazee wengi walilia: wamemfukuza Kristu mlangoni! Ni kweli. Lakini tuulizane: nani alitangulia? Chama kilibadili jina baada ya makanisa kuwa matupu. Wajukuu wa mkulima wetu, padri alituambia kwa huzuni, hawaendi Misa hata Pasaka, nao ni watu wema, wanaolipa kodi na kumtunza bibi yao. Mtu atakitakaje chama kishike kwa niaba yake jambo ambalo yeye ameliacha nyumbani mwake? Wakubwa wa chama husoma hesabu. Wakiona watu wao hawasali, watasema: haya, hawa wataka desturi tu, wala hawataki imani, nao wataziuza desturi moja moja.

Tulimwuliza padri kama baba yake alirudi chamani baada ya kuchoma kartasi. Akacheka. Alisema kwamba mwaka 1954 mzee alitia kartasi nyeupe. Halafu Wasosialisti na Waliberali wakatawala, vita vya shule vikaanza, fedha za shule za masista walikosoma binti zake zikapunguzwa. Mwaka 1958 mzee alishika tena kalamu nyekundu akakipigia chama kile kile, akatoka amekasirika kuliko alivyoingia. Jioni mjumbe mmoja alipita kumshukuru. Mzee alimwuliza nini atakachofanya juu ya shule, na mjumbe akaanza kueleza mambo mengi. Mzee akamwambia aseme yale tu ambayo hatayatoa. Walikaa hata saa nne ya usiku. Mwezi wa Novemba mwaka ule Mapatano ya Shule yalitiwa saini na vyama vitatu, na shule ile ya masista ikaendelea.

Kwa hiyo, alipoijibu barua ya dada yake mwaka 1990, padri alimwambia afanye kama baba: amwandikie mjumbe wake, amwulize swali lile lile la hapana na saini, asitie tusi wala tishio. Mama aliandika. Baada ya wiki tatu alipata kartasi moja iliyopigwa kwa mashine, ikimshukuru kwa kufuata mambo ya taifa. Aliandika mara ya pili, akisema kwamba hakuuliza habari ya shukrani. Mara hii mjumbe alijibu kwa mkono wake, kurasa mbili. Alikiri kwamba usiku ule hakulala, na kwamba angali hajui kama alitenda vema.

Mama aliihifadhi barua ile ndani ya kitabu chake cha Misa. Uchaguzi wa Novemba 1991 ulipopita, padri alimwuliza kwa barua alipiga kura wapi. Dada alimjibu habari za mvua, na bei ya maziwa, na ng'ombe mmoja aliyezaa mapacha.